Kwa nini taa ya injini hurudi siku ya tatu baada ya fundi kuizima?

Fundi alichukua spana namba 10, akachomoa terminali ya hasi ya betri na kuiacha pembeni kama dakika kumi huku tukipiga soga. Alipoirudisha na kuwasha gari, ile taa ya rangi ya chungwa yenye umbo la injini ilikuwa imezimika. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka. Siku ya tatu asubuhi, kwenye foleni ya Ubungo, ikawaka tena, na injini ikaanza kutetemeka kama kawaida yake kila nikisimama. Gari lenyewe ni la mwaka 2003, lilikuja nchini likiwa limeshatumika Japani.

Mwenye gari kuukuu anaijua hadithi hii. Ila kwa nini siku ya tatu, na si palepale gereji?

Ni kwa sababu kontroli boksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, haikurupuki. Makosa mengi ya mchanganyiko wa mafuta na hewa, ikiyaona safari ya kwanza inayaweka kumbukumbu na kunyamaza. Ikiyaona tena safari inayofuata ndipo inawasha taa. Na siyo kila ukitoka dukani kununua mkate ni safari: injini lazima ipate joto na gari liende muda wa kutosha vipimo kukamilika. Ukichomoa betri, boksi husahau yote, makosa pamoja na masahihisho ya mafuta iliyojifunza kwa kuliendesha gari lako. Inaanza upya, inajifunza, inalikuta tatizo lilelile, inasubiri kulithibitisha. Hizo ndizo siku zako tatu za raha.

Hayo masahihisho ndiyo yenye siri. Petroli huungua vizuri ikipata hewa kilo 14.7 hivi kwa kila kilo moja ya mafuta. Sensa ya oksijeni iliyopo kwenye bomba la moshi hupima oksijeni iliyobaki. Ikibaki nyingi, boksi huziacha nozeli zinazopulizia mafuta wazi kwa muda mrefu kidogo zaidi ili mafuta yaongezeke. Ikiongeza na kuongeza hadi kikomo chake, ambacho kwa magari mengi huwa karibu asilimia 25, hukata tamaa na kuandika kosa namba P0171: mafuta ni machache kuliko hewa.

Hapa ndipo pesa za watu zinapoliwa. Unaambiwa "sensa ya oksijeni imekufa", unanunua, taa inarudi. Sensa ilikuwa inatoa taarifa tu. Ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa sababu amepiga kelele za mwizi.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuelekezwa na jirani. Alichomeka mashine yake kwenye tundu lililo chini ya usukani. (Tundu hilo lisikudanganye. Marekani ililazimisha OBD-II, mfumo mmoja wa kusoma makosa ya gari, kwa magari ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa ya petroli mwaka 2001, lakini magari mengine yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana tundu la umbo lilelile na lugha tofauti ndani. Kifaa cha bei rahisi kikigoma kusoma, usikimbilie kusema boksi limeungua.)

Huyu hakuishia kwenye namba ya kosa. Aliangalia masahihisho injini ikiwa inanguruma: gari likiwa limesimama, asilimia 22 zimeongezwa. Akaniambia nikanyage mafuta mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika, zikashuka hadi 4. "Inavuta hewa ya wizi," akasema.

Mantiki yake ni hii. Tundu likiwa baada ya sensa ya kupima hewa, hewa inayopenya hapo haihesabiwi. Injini iliyotulia huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hata kitundu kidogo kinaharibu hesabu. Ukikanyaga, hewa halali inaingia kwa wingi na ile ya wizi inakuwa si kitu. Pampu ya mafuta ikichoka au filta yake ikiziba, mambo hugeuka: gari limesimama hesabu ni safi, linapopanda mlima asilimia zinapaa.

Akaweka kipande cha bomba la mpira sikioni, ncha nyingine akaipitisha polepole kuzunguka injini. Fsss. Nyuma kabisa, kimpira cha unene wa kidole gumba kilikuwa kimepasuka upande wa chini, usikoonekana. Alipokibana kwa vidole, mtetemo ukakata.

Ingekuwa pampu, ningejilaumu mwenyewe. Pampu hukaa ndani ya tangi na hupozwa na petroli yenyewe, kwa hiyo kuendesha kila siku mshale ukiwa kwenye nyekundu ni kuichemsha. Mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli nayo hufanya injini igonge na plagi kushika masizi. Ndiyo maana EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, yaani alama ya siri ya kutambua yaliyochakachuliwa.

Taa ikiwa inamwekamweka badala ya kuwaka tu, hapo sina mjadala: punguza mwendo, simama pembeni. Injini inamisi vibaya, yaani silinda zinakosa kuwasha mafuta, na petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi na kuyayeyusha, na bei ya masega unaijua.

Kimpira kilipobadilishwa nilimwomba fundi afute kosa. Akakataa. "Liache, litajifuta." Taa ilizimika yenyewe baada ya safari tatu safi. Namba ya P0171 huendelea kukaa kwenye kumbukumbu mpaka injini ipate joto mara 40 hivi bila kosa kujirudia, na yangu bado nazihesabu.