Megapikseli nyingi si dawa ya picha za watoto zenye ukungu

Wazazi wengi hapa Moshi wanapokwenda dukani kutafuta kamera ya kuwapiga watoto picha, huanza na swali moja: ina megapikseli ngapi? Imani kwamba kamera yenye megapikseli nyingi zaidi ndiyo bora imedumu miaka mingi, nayo si sahihi.

Megapikseli ni hesabu tu ya nukta zinazounda picha. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000, ambazo zinatosha kusafisha picha nzuri ya ukubwa wa karatasi ya A4, na albamu nyingi za nyumbani hazifiki hapo.

Kinachoharibu picha za watoto, mara nyingi, ni mwanga hafifu. Fikiria sebule asubuhi ya Julai, mawingu yametanda, pazia limefunguliwa nusu, na mtoto wa miaka miwili anamkimbilia bibi yake: kamera ikipokea mwanga kwa 1/30 ya sekunde, uso wake utatoka kama ukungu, ilhali kwa 1/250 hata tone la uji kidevuni litaonekana. Muda huo mfupi huingiza mwanga kidogo, hivyo unahitaji lenzi inayofunguka sana. Upana wa tundu la lenzi huandikwa kwa namba ya f, na namba ikiwa ndogo tundu huwa kubwa: lenzi iliyofunguliwa hadi f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 ya ile iliyoishia f/5.6. Kwa maoni yangu, fedha ielekezwe kwanza kwenye lenzi, hata kama kamera yenyewe itakuwa ya mtumba. Kabla ya kulipa, omba kuijaribu ndani kabisa ya duka, mbali na mlango, huku mtu akitembea mbele yako.