Eti wakulima wa kilombo wanamaliza msitu?

Jamani hii ya kusema watu wa kilombo kule Brazili, yaani wajukuu wa Waafrika waliotoroka utumwa, hawajui mazingira mpaka aje mtaalamu na semina yake, si kweli kabisa na inaniuma. Angalia bonde la Ribeira, jimbo la São Paulo, ndiko kumebaki kipande kikubwa sana cha Msitu wa Atlantiki na vijiji vya kilombo vimo humohumo tangu enzi za utumwa. Mtu akiona moshi anadhani msitu unaisha, kumbe wanafyeka kieneo kidogo tu, wanachoma, majivu yanarutubisha udongo, wanapanda mpunga, mahindi, maharage, mihogo, baada ya misimu michache wanapaacha papumzike miaka na miaka mpaka miti inarudi. Na mtoto anajifunzia hapohapo shambani, anaonyeshwa na bibi mbegu ipi iliwe na ipi iwekwe. Mwaka 2018 IPHAN, taasisi ya serikali ya mambo ya urithi, ikakitambua kilimo hicho kuwa urithi wa utamaduni wa Brazili. Semina zije, sawa, ila mtaalamu aanze kwa kukaa chini amsikilize huyo bibi.