Mwaka mmoja Bordeaux, nikiusaka ubwiri unga wa mikorosho yetu

Nina wiki mbili tangu nirudi Mtwara na kila ninayekutana naye swali lake ni hilohilo, ulienda Ufaransa kusomea nini, nikisema ubwiri unga wa mikorosho mtu ananitazama, kwani Ulaya kuna mikorosho? Hakuna hata mmoja shambani. Ngoja niwaeleze.

Ubwiri unga ni kuvu, lile vumbi jeupe kama unga wa muhogo linalokaa kwenye majani machanga na maua kuanzia mwezi wa sita, afu ua linageuka kahawia, linakauka, na hapo korosho hamna tena. Haupendi mvua kubwa, mvua inauosha, unachotaka ni umande na kale kaubaridi ka alfajiri, yaani kipindi kilekile ambacho mkorosho unachanua. Nchi yetu msimu wa 1973/74 ilivuna tani kama 145,000 za korosho, kufika 1986/87 hazifiki hata 20,000. Sio ubwiri peke yake, watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa mashamba yakabaki mbali, bei nayo ikawa haimlipi mkulima, ila ugonjwa ulipoingia ukakuta mikorosho haina wa kuihudumia, ukaenea utakavyo.

Sasa tabu ya huu ugonjwa kwa mtafiti ni kwamba hauoti kwenye sahani ya maabara. Unataka jani lililo hai, jani likifa na wenyewe unakufa, na majani mabichi huwezi tu kuyapandisha ndege kuyapeleka nchi nyingine. Kwahiyo nilibeba majani makavu ili nisome vinasaba vyake, bahasha 40 kutoka Tandahimba na Newala. Na hapa ndo niliumia. Siku za mwisho kabla ya safari nilichuma asubuhi sana, majani yamelowa umande, nikayatia kwenye mifuko ya nailoni nikayafunga, nikapanda bodaboda nikijiambia nitayakausha nikifika. Nimefungua kule maabara, ukungu wa kijani. Nikisoma vinasaba naletewa ukungu wa kawaida tu, ule unaoota hata kwenye mkate. Bahasha 11 ndo zilizonipa kitu cha maana. Nililia siku ile, kwasababu msimu wa maua ulishapita na nilikuwa sina pa kupata mengine mpaka mwaka mwingine.

Mwezi wa tano natoka maabara kwenda kituo cha tramu, pembeni ya njia kuna mialoni midogo imetoa majani mapya, naona majani yamefifia yana weupe. Nikapitisha kidole. Unga! Mwepesi, unanata kidogo kwenye vidole, na jani chini yake limejikunja kama linavyojikunja la mkorosho. Nilisimama pale hadi tramu ikapita.

Kumbe mialoni ya Ulaya ilianza kuugua ubwiri unga mwaka 1907, ulionekana Ufaransa na kwa muda mfupi tu ukawa umezagaa bara zima. Ukisoma vinasaba unakuta ni kuvu zaidi ya moja wanaofanana sana kwa macho, na mmojawapo, Erysiphe quercicola, ndo huyohuyo anayepatikana kwenye mikorosho, miembe na miti ya mpira. Kinachosomwa ni kipande cha vinasaba ambacho kuvu wote wanacho ila herufi zake zinapishana kidogo, unazipanga herufi kwa herufi. Bahasha zangu 11 zilikaa upande wa huyo. Mimi miaka yote nilijua ubwiri ni shida ya kusini kwetu tu.

Na dawa je? Nilipelekwa kwenye shamba la mizabibu nje ya mji, kufungua stoo yao nikakutana na harufu ya salfa, ileile inayoganda kwenye nguo za mjomba msimu wa kupuliza. Mizabibu nayo ina ubwiri wake, wa aina nyingine, na salfa wanaitumia tangu miaka ya 1850. Mzee mwenye shamba akaniambia ukishaona weupe umechelewa, salfa inazuia mbegu za kuvu zisiote, haifufui ua lililokwisha kufa. Maneno ya mjomba hayohayo, na hawajawahi kuonana!

Lakini 11 hazitoshi. Sijui kama ubwiri wa Tandahimba na wa Nachingwea ni ukoo mmoja au koo tofauti, na hilo ndo linalonikosesha usingizi, maana tunahangaika kupata miche inayostahimili na kama koo ni nyingi mche unaweza kusimama Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa korosho, ukaanguka Nachingwea. Jibu liko kwenye majani ya huku, na ninavyoona mimi mashine ya kuyasoma ingefaa iwe huku pia, jani lichumwe asubuhi jioni lishaingia kazini.

Safari hii nimekuja na bahasha za karatasi na kilo mbili za silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Juzi nilienda kumwamkia mjomba, tukazunguka shambani, mabibo yamejaa chini, nikamweleza kwamba nahitaji miti isiyopulizwa salfa kabisa ili ubwiri utoke wenyewe. Akanyamaza muda, akahesabu mikorosho ya upande wa barabarani.

"Mwezi wa sita nakuachia mitatu, mwanangu," akasema. "Ila ile mikubwa usiiguse."