Shule za chata Washington: hela inatoka mfuko gani?

Wazazi wa Kent na Tukwila, hapa jimbo la Washington, wananiuliza sana, ati hizi shule za chata ni za serikali au za watu binafsi, mbona hazina ada halafu bodi yake hatuipigii kura? Ni za umma, zinaendeshwa kwa mkataba na bodi ya kuteuliwa, si na wilaya ya shule. Ila mimi kazi yangu ni bajeti za shule, kwa hiyo nawajibu kwa njia ya hela, maana hapo ndo kesi yote ilipo.

Wapigakura wa jimbo hili walizikataa 1996, 2000 na 2004, mpaka 2012 pendekezo namba 1240 likapita kwa kama asilimia 50.7, na tusidanganyane, hela ya Bill Gates ilisukuma sana kampeni ile. Sheria ikaruhusu shule 40 ndani ya miaka mitano. Ukitaka kibali unapeleka maombi kwenye tume ya jimbo, au kwa wilaya ya shule iliyopewa mamlaka hayo kama Spokane, wanakuchambua mtaala, bajeti, nani yuko kwenye bodi, ukipita unasaini mkataba wa miaka mitano, matokeo yakiwa mabovu hawakuongezei. Hapo sina neno, wanabana kweli.

Balaa likaja kwenye mfuko. Katiba ya jimbo ina hela iliyotengewa shule za kawaida za umma tu, na kuna hukumu ya 1909 kwamba shule za aina hiyo lazima zisimamiwe na wapigakura wa eneo lao. Bodi ya chata inateuliwa. Basi Septemba 2015, watoto wameshaanza masomo, mzazi keshanunua mpaka sare, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema sheria nzima batili!

Bunge likafanyaje? 2016 likaacha bodi za kuteuliwa vilevile, likabadilisha mfuko tu, hela ikaanza kutoka akaunti ya bahati nasibu ya jimbo. Gavana Inslee hakusaini wala hakupiga veto, akaiacha ikawa sheria hivohivo. Wapinzani wakarudi kortini, na 2018 mahakama ileile ikasema mpango huu mpya unasimama. Shule zilezile, watoto walewale, akaunti tofauti.

Sasa pa kuangalia ni hapa: hela ya jimbo kwa kila mwanafunzi chata inapata, lakini ile kodi ya majengo ya ziada ambayo wilaya inawaombea wapigakura, inayolipia manesi, wasaidizi wa walimu, michezo, chata haina haki nayo. Kwa hiyo inategemea wafadhili, na wanafunzi wakipungua kidogo tu bajeti inayumba, na kuna zilizofunga kabisa.

Kabla hujamwandikisha mtoto uliza wamesajiliwa wangapi mwaka huu na lile pengo nani analiziba. Na akija mtu anakusanya majina ya wazazi eti anafungua chata mpya, muulize kwa kibali gani, maana dirisha la vibali vipya kwenye ile sheria ya 2016 lilifungwa Aprili 2021.