Ronald Ngala na KADU: Yanayosemwa Barazani na Yaliyotokea Bungeni

Litaje jina la Ronald Ngala kwenye baraza lolote la Mombasa, Majengo au Kisauni, na hutakosa wa kukujibu. Mmoja atasema alituuza. Mwingine atasema lau angesikizwa, Pwani leo ingekuwa nchi yake yenyewe. Vijana wengi wanajua tu kwamba kuna shule na barabara zilizopewa jina lake. Mtu huyu, aliyeongoza chama cha KADU, ndiye kiongozi wa kwanza wa upinzani katika Kenya huru, na alitoka katika kabila lisiloweza kushinda uchaguzi wa nchi kwa kura zake peke yake. Inaniuma kuona maisha yake ya bunge yamegeuzwa uvumi, kwa hivyo nitayachukua yale ninayoyasikia mara kwa mara na kuyaweka mbele ya yaliyotokea.

"Alikuwa kiongozi wa Wagiriama tu"

Ngala alikuwa Mgiriama, moja ya jamii za Mijikenda, kutoka upande wa Kaloleni, akasoma Alliance na Makerere, akawa mwalimu. Kabla ya siasa za kitaifa alikuwa mtu wa Mombasa: aliongoza shule ya Buxton na akaingia katika baraza la mji. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria, yeye alichukua kiti cha Pwani. Walikuwa wanane nchi nzima.

Miaka mitatu baadaye, wajumbe wa Kiafrika walipokwenda London kwa mkutano wa kwanza wa katiba wa Lancaster House, aliyekaa mbele kama kiongozi wao ni Ngala, na Tom Mboya akiwa katibu. Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengine walikubali mwalimu wa Kimijikenda awasemee mbele ya Waingereza, jambo ambalo kiongozi wa kabila moja hapewi.

Hata chama cha KANU kilipoundwa Mei 1960 kilimchagua mweka hazina hali ya kuwa yeye hayuko mkutanoni. Alikikataa cheo hicho. Mwezi uliofuata, kule Ngong, jamii zilizohofia kumezwa zikaunda KADU: Wakalenjin wakiwa na Daniel arap Moi na Taita Towett, Wamaasai na Justus ole Tipis, Waluhya na Masinde Muliro, watu wa Pwani na Ngala. Uongozi wa chama akapewa yeye. Hakuna kabila hata moja katika muungano ule lililoweza kuwaamrisha wengine, na mtu mpole kutoka Pwani ndiye aliyeaminika na wote.

"KADU ilikuwa chama cha wazungu"

Hili lina mzizi wa kweli, na si haki kulikanusha lote. Katika uchaguzi wa 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. Gavana Renison akamgeukia Ngala, na Ngala akakubali, akishirikiana na chama cha Michael Blundell cha walowezi wa msimamo wa kati, pamoja na wabunge wa kuteuliwa ambao gavana aliwaongeza ili hesabu itimie. Walowezi waliipenda KADU kwa sababu serikali yenye nguvu nyingi Nairobi iliwatia hofu kuhusu mashamba yao.

Lakini hofu ya mlowezi wa Nakuru ilikuwa moja na hofu ya Mgiriama ilikuwa nyingine. Mlowezi aliogopa kunyang'anywa. Mgiriama, Mdigo au Mduruma alikuwa ameshanyang'anywa: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaandikia mashamba ya ukanda wa pwani watu wachache, na wenyeji wengi wakageuka maskwota juu ya ardhi waliyoilima babu zao. Swali lao lilikuwa ni nani ataigawa ardhi hii wazungu wakiondoka. Kumwita mtu kibaraka kwa kuuliza swali hilo ni kutolijua suala lenyewe.

Tena ni chini ya serikali hiyo hiyo ya Ngala ambapo Kenyatta, Agosti 1961, alirudishwa Gatundu akiwa huru. Ngala alijua kwamba anayeachiliwa ndiye atakayemshinda kwenye kura.

"Majimbo na Mwambao ni kitu kimoja"

Kosa hili ndilo linalotugharimu zaidi, kwa sababu bado linaleta damu. Nalisikia hata kwa watu wazima waliosoma.

Mwambao ilikuwa harakati ya kutaka ukanda wa maili kumi usiingie Kenya. Kisheria ukanda huo ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa niaba yake, na bendera yake nyekundu ikipepea juu ya Fort Jesus. Waliounga mkono hoja hiyo walitaka ukanda ujitawale, au urudi kwa Sultani. Wamijikenda wengi hawakuwa na hamu ya kurudi chini ya dola ambayo waliikumbuka kwa utumwa na kupotea kwa ardhi, na Ngala alikuwa pamoja nao. Suala la ukanda lilipojadiliwa London mwaka 1962, KANU na KADU, mahasimu wa kila jambo, walikuwa upande mmoja: Pwani ibaki Kenya. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, wakamaliza suala hilo kwa maandishi, pamoja na ahadi ya kuzilinda mahakama za kadhi.

Majimbo ya Ngala yalikuwa mpango wa ndani ya Kenya. Katiba ya 1963 iliweka majimbo saba, kila moja na bunge lake, na juu yake Seneti ya watu 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Jimbo lilipewa sauti katika ardhi, elimu na polisi. Mtu wa bara aliyekaa Likoni hakuwa ameandikiwa popote katika katiba hiyo kwamba aondoke.

Agosti 1997, washambuliaji walipovamia kituo cha polisi cha Likoni na kuwafukuza watu wa bara, neno majimbo lilikuwa vinywani mwa watu. Kizazi kizima kikajifunza maana yake kutokana na moto ule badala ya kuisoma katiba. Marehemu Ngala hakuwepo kujitetea.

"KADU ilipigwa marufuku"

Wanaosema hivi wanaichanganya na KPU, chama cha Oginga Odinga kilichopigwa marufuku mwaka 1969. KADU ilijivunja yenyewe. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kwamba chama chake kimekwisha na yeye na wenzake wanahamia upande wa serikali.

Hapa ndipo panapozaliwa lile la "alituuza", na hapa pataka hesabu. Vifungu vya majimbo vilikuwa na kufuli: kuvibadilisha kulihitaji robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Katika Seneti ya watu 41, maseneta watano wakishikamana mabadiliko hayapiti. Kwa karatasi, Ngala alikuwa salama.

Kwa vitendo, serikali kuu ndiyo iliyokuwa na mkoba, na majimbo yalicheleweshewa fedha na madaraka yao. Mbunge wa KADU hakuwa na la kuwapelekea watu wake, hali jirani yake wa KANU alikuwa akizindua miradi. Mmoja mmoja wakahama. Serikali nayo ikatishia kwenda kwa wananchi kwa kura ya maoni, njia ambayo katiba iliiruhusu. Ngala akabaki kuchagua kati ya kuvunja chama akiwa bado ana watu wa kuwaombea nafasi, au kungoja kivunjike mikononi mwake. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri, na mwishoni mwa 1966 Seneti nayo ikafutwa.

Kwa maoni yangu alikosea kwa kuwahi. Maseneta wale watano wangeilazimisha serikali kujadiliana naye juu ya ardhi ya Pwani kabla ya kuvunja chochote, na sioni alichopata kwa ajili ya maskwota wa Kilifi na Kwale badala ya kufuli ile. Lakini kuuza ni kupokea kitu ili uwaumize wako, na hilo sioni ushahidi wake. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa KANU, akiwakilisha Pwani, na alikufa akiwa waziri.

"Aliuawa na nyuki"

Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, barabara ya Mombasa–Nairobi, naye akafa siku ya Krismasi. Dereva alisema nyuki waliingia garini. Wengi Pwani hawakuiamini habari hiyo na hawaiamini hadi leo. Hakuna mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kifo hicho.

"Kaunti ndizo majimbo yale yale, yamerudi"

Seneti imerudi, hilo kweli, na katiba ya 2010 imeipa Mombasa gavana na bunge la kaunti. Lakini majimbo yalikuwa saba na kaunti ni 47, kwa hivyo Pwani iliyokuwa meza moja sasa ni meza sita, kila moja ikienda Nairobi kivyake. Kaunti haina polisi. Hatimiliki inatoka wizara ya ardhi, na ardhi ya umma iko chini ya tume ya taifa. Bandari ya Kilindini ni ya serikali kuu. Mkaazi wa Mishomoroni anayekwenda ofisi ya gavana kudai hati ya ploti anayoishi tangu kuzaliwa amegonga mlango usio wake. Mamlaka aliyoyataka Ngala juu ya jambo hilo hasa hayajarudi Pwani.