Kabla hujaja kubadili jina la mtoto

Msimu wa kuandikisha watoto darasa la kwanza ukikaribia, foleni ya dirisha letu la usajili wa vizazi hapa Tanga hurefuka. Wengi hufuata cheti cha kuzaliwa. Mwaka huu, hata hivyo, wameongezeka wazazi wanaotaka jina la mtoto libadilishwe, na sababu wanazotoa ndizo zilizonifanya niandike.

Majuzi alifika mama kutoka Pongwe na binti yake wa miaka sita, Tabu. Alisema ameelezwa kwamba jina huumba, na binti akiendelea kuitwa hivyo ataandamwa na mikosi. Nikamuuliza ni nani aliyemwita. Bibi yake mzaa baba, akajibu, kwa kuwa uchungu ulimshika yeye mama usiku wa mvua kubwa na usafiri haukupatikana hadi kulipopambazuka. Basi maana ya jina hilo ndiyo hiyo. Bibi hakumtabiria mjukuu tabu. Aliweka kumbukumbu ya usiku ule, na kwamba ulipita salama.

Pwani yetu imejaa majina ya namna hii. Chausiku kazaliwa usiku, Mwanaidi siku ya Idi, Juma ni wa Ijumaa, Hamisi wa Alhamisi. Rajabu, Shabani na Ramadhani ni miezi mitatu inayofuatana katika kalenda ya Kiislamu. Mosi, Pili na Tatu ni hesabu ya uzazi. Huko Ghana, Waakan humwita mvulana wa Ijumaa Kofi, na wa Jumamosi Kwame. Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Angezaliwa Ngamiani, hapa mjini Tanga, angeitwa Juma. Kisiwani Bali, Indonesia, mtoto wa kwanza huitwa Wayan na wa pili Made, na Warumi wa kale walikuwa na Quintus, yaani wa tano. Kwa pacha, Wasukuma wana Kulwa na Doto. Wayoruba wa Nigeria wana Taiwo na Kehinde, ila kwao Kehinde, anayetoka wa pili, ndiye huhesabiwa mkubwa: inasemwa alimtuma mwenzake atangulie kuionja dunia.

Niseme wazi, maana nalirudia karibu kila siku: orodha za maana za majina zinazosambazwa kwenye simu si kielelezo cha kubadilia jina, na hatuzipokei. Khadija ni neno la Kiarabu la mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia, yule tunayemwita njiti. Fatuma, kutoka Fatima, linatokana na kumwachisha mtoto ziwa. Asha ni Aisha, aliye hai. Ni majina ya uzazi na uhai, yametoka vinywani mwa watu waliokuwa wakimtazama mtoto.

Wapo pia wanaoleta hoja ya dini, wakidhani kila jina la Kizungu ni la Kikristo. Shaaban Robert, Mwislamu aliyezaliwa mwaka 1909 Vibambani, hapa hapa Tanga, alibeba mwezi wa nane wa Kiislamu pamoja na jina la baba yake, Robert, ambalo ni la Kijerumani cha kale lenye maana ya sifa ing'aayo, wala halimo katika Biblia. Hakuna aliyemwambia achague moja.

Sasa utaratibu. Ofisi haimchagulii mzazi jina. Mtoto asajiliwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, kwa kutumia tangazo la kizazi lililotolewa hospitali au kituo cha afya. Akivuka miaka 10 vielelezo huongezeka. Msajili wa Wilaya ni Katibu Tawala wa Wilaya, na maombi hupokelewa pia mtandaoni kwa mfumo wa eRITA. Kusahihisha herufi ni jambo moja, na kubadili jina ni jingine kabisa. La kwanza ni marekebisho yenye kiapo na vielelezo. La pili linahitaji hati ya kubadili jina, isainiwe mbele ya kamishna wa viapo, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, kisha mabadiliko yapelekwe NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa), benki, Uhamiaji na kwingine kote. Maandishi ya awali kwenye daftari hayafutwi. Anayeapa uongo anatenda kosa la jinai chini ya Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, hata kama aliyemshauri ni kishoka, dalali asiye rasmi, wa nje ya geti.

Tatizo linalowatesa watoto kweli ni herufi. Nimeshika mikononi karatasi tatu za binti mmoja: kadi ya kliniki Hadija, tangazo la kizazi Khadija, ripoti ya shule Hatija. Kwa jirani ni mtoto yule yule, lakini kwa mfumo ni watu watatu, naye atakuja kulijua hilo siku ya kuomba mkopo wa chuo. Tafadhali, soma tangazo la kizazi kabla hujatoka wodini. Kama husomi, mwombe muuguzi akutajie herufi moja moja, polepole. Si usumbufu, ni haki yako.

Yule mama wa Pongwe tulimwomba ampigie simu bibi palepale dirishani. Bibi akasimulia usiku wote ule: mvua, taa ya chemli, hata jina la mkunga, na binti akasikiliza akiwa ameegemea kaunta. Alipokata simu, mama akavuta fomu akaandika kwa herufi kubwa: TABU.