"Mwalimu, kipenyo hakijaandikwa"

Aliyesema hivyo ndiye anayeongoza darasa langu kwa hesabu karibu kila mtihani. Mezani nilikuwa nimeweka sado tatu, yaani makopo ya bati ya kupimia nafaka, zimechakaa, nilizoazima kwa wauza maharage wa soko la Mbuyuni hapa Moshi. Ubaoni swali moja: ukipimiwa sado ya kilima (maharage yamerundikwa kupita ukingo) badala ya sado ya kufuta (yamesawazishwa na ukingo), umeongezewa kiasi gani? Rula zipo, uzi upo, maharage yapo. Vipimo ndivyo havikuwepo, na kijana wangu akakaa na kalamu mkononi akisubiri apewe.

Upimaji halisi, yaani kumpima mwanafunzi kwa kazi kama zile za maisha ya kweli, ambao mtaalamu wa elimu Mmarekani Grant Wiggins aliupigia debe tangu mwaka 1989, wengi wetu tumeushika nusunusu. Tunachukua swali la kitabuni, tunampachika mama muuza machungwa, basi. Mama mwenyewe hana kazi pale. Namba zote zimeshatolewa, mwanafunzi anatafuta kanuni tu. Sisemi ya wenzangu: mara ya kwanza mimi nilichora sado ubaoni na vipimo vyake vyote, nikakusanya madaftari yenye jibu lilelile. Nilichopima ni kuzidisha.

Safari hii ilibidi waamue wenyewe wapime nini. Sado moja ilikuwa na kipenyo cha sentimita 18, kimo 16 kwa nje, yaani kama lita 4. Kilima ni koni. Kikipanda sentimita 5, ujazo wake ni kama sentimita za ujazo 424, karibu sehemu moja ya kumi ya sado. Wengi waliishia hapo. Kundi moja likaingiza mkono ndani na kukuta kitako kimebonyezwa kuelekea juu. Wakakadiria kimepanda sentimita moja: 254 zimekwenda, zaidi ya nusu ya kilima imeliwa na kitako! Darasa likaangua kicheko, halafu kila kundi likapindua sado yake.

Alama 20: kuchagua cha kupima 6, ukokotoaji 6, kueleza kosa la kipimo 4, kutetea jibu mbele ya darasa 4. Utetezi niliruhusu Kiswahili, maana nataka kusikia hoja, Kiingereza kina siku yake. Mtihani wa Baraza la Mitihani hauna sado, najua, na mazoezi ya kawaida hatujaacha.

Lipo linalonisumbua. Binti mmoja ambaye mama yake ana meza sokoni aliijua hila ya kitako kabla hajagusa rula. Uhalisia wake haukuwa uhalisia wa mtoto wa karani. Muhula ujao nitatumia tangi la maji la shule, ambamo wote wanachota.

Kundi la binti huyo lilikataa kutoa jibu moja. Kwa sado nzima ya kilima waliandika "kati ya lita 4.1 na 4.4, inategemea mkono wa muuzaji". Mwenzangu ofisini angewakata alama mbili. Mimi nimewapa zote.